Mama alipasuliwa moyo, sasa anasahau: je, ni mashine iliyoharibu mishipa ya ubongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Wiki saba zilizopita alipasuliwa moyo Dar es Salaam akawekewa valvu ya chuma upande wa kushoto, ile ya mitro. Akiwa ICU, siku ya tatu, alikuwa anasema kuna mbuzi chini ya kitanda na anatuomba tuwafukuze. Tuliogopa sana, ila ilipita. Sasa tuko naye nyumbani Tanga. Anatembea, anakula, kidonda kimefunga, lakini anasahau. Anaanza kusimulia jambo halafu linampotea, na hesabu za duka alizokuwa anazipiga kichwani sasa zinamshinda. Karatasi ya kuruhusiwa inasema alikaa dakika 142 kwenye mashine ya moyo na mapafu. Nimesoma kwamba mashine hiyo huharibu mishipa midogo ya damu kwenye ubongo na kwamba mtu huendelea kudhoofika akili. Ni kweli? Mdogo wangu wa miaka 24 naye ana ugonjwa wa valvu, ameambiwa ajiandae kwa upasuaji. Baba anasema tukatae.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Ndiyo, mashine ile huigusa mishipa ya ubongo. Ukiwapiga picha ya MRI watu waliotoka kwenye mashine hiyo, wengi utawakuta na alama ndogo ambazo hazikuwapo kabla. Lakini sehemu kubwa ya madhara hayo hutulia ndani ya siku au wiki, na watafiti walioitafuta kwa makini ile dhana kwamba mashine huanzisha ugonjwa unaoendelea kuula ubongo mwaka hadi mwaka hawakuipata. Kinachoamua mama yako atakuwaje baada ya miaka mitano ni mambo mengine, na mengi kati ya hayo yako mikononi mwenu hapo Tanga, hayako tena chumba cha upasuaji.

Mimi ni daktari wa usingizi. Mpasuaji anapokuwa kifuani, mimi niko upande wa kichwa, na pembeni yetu amekaa mtaalamu wa pampu. Kwa hiyo swali lako ni la kazi yangu ya kila siku, na ninaomba uvumilivu wako kidogo, maana bila kujua mashine inafanya nini huwezi kujua ya kuogopa na ya kuacha.

Mgonjwa akishalala na kifua kufunguliwa, hupewa heparini kwa dozi kubwa ili damu isigande ndani ya mipira. Damu iliyotumika hutolewa upande wa kulia wa moyo, inateremka kwenye tangi, inapita kwenye pafu la bandia lenye nyuzi nyembamba za plastiki ambako inapokea oksijeni na kuacha kaboni dayoksaidi, inapoozwa au kupashwa moto inavyohitajika, kisha pampu inairudisha mwilini kupitia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Halafu mpasuaji anaibana aota kwa kibanio, moyo unasimamishwa kwa maji ya dawa yenye potasiamu, na kuanzia hapo ubongo unalishwa na pampu peke yake. Mtu wa kwanza kupasuliwa moyo na kupona kwa msaada wa mashine ya namna hiyo alikuwa msichana wa miaka 18 huko Philadelphia, tarehe 6 Mei 1953, kwa mkono wa John Gibbon. Moyo na mapafu yake vilishikiwa kazi na mashine kwa dakika 26. Dakika 142 za mama yako zinaonekana nyingi ukizilinganisha na hizo, lakini kwa kubadilisha valvu ya mitro si jambo la ajabu.

Sasa mishipa. Kinachoisumbua zaidi ni chembe zinazosafiri na damu. Katika hospitali zenye kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa juu kidogo ya sikio, unaweza kuisikiliza damu ikipita kwenye mshipa wa ubongo wakati upasuaji unaendelea. Sauti yake ni mvumo wa taratibu. Kisha mpasuaji anasema anafungua kibanio, na ndani ya mvumo ule zinaingia sauti fupi, kali, nyingine moja moja na nyingine mfululizo. Kila moja ni kitu kinachopita: kiputo cha hewa, tone la mafuta, au kipande kilichobanduka ukutani mwa aota. Ukiusikiliza upasuaji mzima hivyo utagundua hazisambai sawasawa. Hujaa pale aota inapoguswa, wakati wa kuingiza mpira, kubana na kubandua. Ndiyo maana ninasema pampu hulaumiwa peke yake kwa makosa ambayo ni ya upasuaji mzima.

Nadhani habari uliyosoma chimbuko lake ni kazi ya Dixon Moody na wenzake wa Winston-Salem, North Carolina. Mwaka 1990 walieleza walichokiona kwenye ubongo wa watu waliofariki muda mfupi baada ya kupasuliwa moyo kwa mashine. Walikata vipande vinene kuliko kawaida wakavitia rangi inayoshika kimeng'enya kilichomo kwenye kuta za kapilari, na mishipa midogo ikajitokeza yote. Humo wakakuta sehemu zilizotanuka, mshipa mwembamba umevimba hapa, ukaendelea mwembamba, ukavimba tena pale. Ndani ya uvimbe mlikuwa mtupu, kwa sababu kilichokuwamo kilikuwa mafuta na dawa za maabara zilikuwa zimeyayeyusha. Mwaka 2000 kundi hilo hilo la watafiti lilionyesha kwamba kila saa moja ya ziada kwenye mashine iliendana na ongezeko la vivimbe hivyo kwa karibu asilimia 90.

Takwimu hiyo inatisha, najua, na ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Isome pamoja na mambo mawili. Kwanza, hao ni watu waliofariki, si walioruhusiwa kwenda nyumbani. Pili, na hili hunukuliwa mara chache, waliokuwa wameishi siku nyingi zaidi baada ya upasuaji walikuwa na vivimbe vichache zaidi. Tone la mafuta ni laini. Hujipinda, humeguka, hupenya na kwenda zake. Jiwe la chokaa kutoka kwenye aota ya mzee wa miaka 75 mwenye presha halifanyi hivyo. Hilo hukaa liliponasa, na sehemu ya ubongo iliyokuwa inategemea mshipa huo hufa. Hicho ndicho kiharusi, na kwa upasuaji wa mishipa ya moyo humpata takriban mgonjwa mmoja au wawili kwa mia, zaidi kidogo kwa wanaofanyiwa valvu.

Mafuta yenyewe yanatoka wapi? Mfupa wa kifua unapokatwa, uboho wake hutoa mafuta, na yaliyouzunguka moyo huchanganyika na damu inayojaa kwenye uwazi wa kifua. Zamani damu hiyo ilifyonzwa na kurudishwa moja kwa moja kwenye tangi la mashine. Kichujio kipo, lakini matundu yake ni ya kama mikromita 40 na kapilari ya ubongo upana wake hauzidi 10, kwa hiyo chembe nyingi zinapita kabisa. Siku hizi wengi huiosha kwanza damu hiyo kwa mashine nyingine. Je, inasaidia? Mwaka 2007 majaribio mawili ya Kanada, la Toronto na la Ottawa, yalitoa majibu yanayopingana: la kwanza liliona kumbukumbu za wagonjwa zinahifadhika vizuri zaidi, la pili halikuona tofauti hiyo na likaona damu zaidi inapotea. Mimi huiosha pale inapokuwa nyingi na yenye mafuta yanayoelea kwa macho, basi.

Hewa ni hadithi nyingine, na kwa valvu ndiyo inayotushughulisha zaidi, kwa sababu upande wa kushoto wa moyo umefunguliwa wazi. Tangu mapafu ya bandia ya kupuliza mapovu ndani ya damu yaachwe na haya ya nyuzi yashike nafasi, viputo vinavyotoka kwenye mashine yenyewe vimepungua sana. Vinavyobaki ni vya moyoni. Wapasuaji wengi humwaga kaboni dayoksaidi kwenye uwazi wa kifua muda wote wa kazi. Ni gesi ile ile ya kwenye soda, nzito kuliko hewa, inaifukuza hewa, na ikinaswa moyoni huyeyuka kwenye damu haraka kuliko naitrojeni. Kabla ya kumtoa mgonjwa kwenye mashine mimi huwa na kipimo cha ultrasound kilichoteremshwa kwenye koo lake, nyuma ya moyo, na viputo vinaonekana kwenye skrini kama nyota. Mpasuaji anautikisa moyo, ninayajaza mapafu, tunasubiri. Anayeharakisha dakika hizo anacheza.

Baada ya chembe kuna suala la presha. Mishipa ya ubongo ina uwezo wa kujibana na kujitanua ili damu ifike kwa kiasi kile kile hata presha ikipanda au kushuka. Vitabu tulivyosomea vilisema uwezo huo unakoma presha ya wastani, yaani wastani wa ile namba ya juu na ya chini katika mpigo mzima, ikishuka chini ya 50. Watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore walipowapima wagonjwa mmoja mmoja wakiwa kwenye mashine, wakakuta mpaka huo unatofautiana sana, kuanzia kama 40 hadi karibu 90. Aliyeishi na presha ya juu miaka mingi mishipa yake imekuwa migumu na mpaka wake uko juu. Hapo ndipo sehemu za ubongo zilizo kwenye mpaka wa mishipa miwili zinapopata taabu: ni mashamba ya mwisho wa mfereji, maji yakipungua bondeni kwa wengine yanapungua, kwao yanakauka.

Ungetarajia basi kwamba kuipandisha presha kwa kila mtu kungetatua. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 madaktari wa Copenhagen walitoa matokeo ya jaribio ambamo kundi moja liliwekwa kwenye presha ya wastani ya 70 hadi 80 na jingine 40 hadi 50, kisha wote wakapigwa MRI. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na alama mpya ndogo kwenye ubongo, na makundi yote mawili yalilingana. Ninavyolitafsiri mimi, alama nyingi zinaletwa na chembe, si na upungufu wa mtiririko, na anayehitaji presha ya juu ni mtu fulani, si kila mtu. Kwa mama yako wa miaka 58, kama hakuwa na presha ya siku nyingi wala kisukari, sehemu hii hainitii wasiwasi sana.

Joto nalitaja kwa ufupi. Tunampooza mgonjwa kidogo kwa sababu ubongo uliopoa unahitaji oksijeni kidogo. Hatari huja wakati wa kumpasha moto kurudi. Damu inayotoka kwenye mashine na kwenda aota haitakiwi kuzidi nyuzi 37, maana ubongo ndio wa kwanza kuipokea, na ubongo uliopashwa kupita kiasi muda huo huo ambao chembe zinapita hudhurika zaidi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 unalisema hilo waziwazi. Ni jambo la uvumilivu tu: saa imekwenda, wote wamechoka, na kuna mtu anauliza mbona mgonjwa hapati joto haraka.

Kisha kuna ukuta wenyewe wa mshipa, na hapa ndipo ninapoona wale mbuzi wa mama yako. Damu haijaumbwa kugusa plastiki. Ikipita kwenye mipira kwa saa mbili, protini za kinga zinaamka, chembe nyeupe zinajiona ziko vitani na kuanza kung'ang'ania kuta za mishipa mwili mzima. Tabaka laini la utelezi linalozifunika kuta hizo kwa ndani hubanduka. Katika ubongo ukuta huo una kazi ya ziada ya kuchuja nini kiingie na nini kibaki nje, na kizuizi hicho kinalegea kwa muda. Mwaka 1993 jarida la The Lancet lilichapisha picha za MRI za wagonjwa wachache zilizopigwa ndani ya saa ya kwanza baada ya upasuaji: ubongo ulikuwa umevimba, mifereji kati ya mikunjo yake imejaa. Walipopigwa tena baadaye uvimbe ulikuwa umeondoka. Changanya hali hiyo na dawa za usingizi, maumivu, taa za ICU zisizozimwa, kengele za mashine usiku kucha, na mtu asiye na miwani yake wala saa ya kujua kumekucha, ndipo unapata mkanganyiko wa siku ya pili au ya tatu. Mbuzi, wadudu ukutani, marehemu wamekuja kutembea, nimeyasikia mengi. Humpata zaidi mzee, na kwa wazee si jambo la nadra. Si wazimu, wala si kurogwa, kama kuna jirani ameshalisema hilo. Ila ni ishara kwamba ubongo wake ulielemewa, na waliopitia hali hiyo huchelewa zaidi kurudi sawa kuliko wenzao.

Tuje kwenye hofu yako kubwa, kwamba ataendelea kudhoofika. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 261 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo kwa mashine. Walipewa mitihani ya kumbukumbu na umakini. Siku ya kuruhusiwa asilimia 53 walikuwa wameshuka. Baada ya wiki sita, 36. Baada ya miezi sita, 24. Hapo kila mtu angefurahi. Lakini baada ya miaka mitano idadi ilipanda tena ikafika 42, na magazeti yakaandika kwamba mashine ya moyo inaua akili polepole.

Tatizo ni kwamba utafiti huo haukuwa na watu wa kulinganisha nao. Watafiti wa Johns Hopkins, Ola Selnes na wenzake, wakawafuatilia wagonjwa wa moyo waliopasuliwa sambamba na wenye ugonjwa ule ule waliotibiwa kwa dawa bila kupasuliwa. Baada ya miaka kadhaa makundi yote mawili yalikuwa yameshuka kidogo, na kwa kiasi kinachofanana. Uholanzi wakafanya kilicho bora zaidi: waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapasuliwe kwa mashine na nusu moyo ukiwa unadunda bila mashine. Miaka mitano baadaye, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, hakukuwa na tofauti ya akili kati yao. Kisha likaja jaribio kubwa lililopewa jina CORONARY, wagonjwa 4,752 katika nchi 19, na viharusi navyo vililingana. Ikiwa kuiondoa mashine hakubadilishi kitu, basi kinachoshusha akili baada ya miaka si mashine. Ni mishipa yenyewe, iliyokuwa inaugua kabla mtu hajaingia theatre na inayoendelea kuugua akitoka: presha, sukari, tumbaku, umri.

Nina tahadhari moja juu ya tafiti hizo, na sioni ikisemwa vya kutosha. Karibu zote ni za Wazungu wa miaka 60 na kuendelea wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Wagonjwa wetu wa Afrika Mashariki wengi ni wa valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki iliyotokana na mafindofindo ya utotoni. Ni vijana zaidi, aota zao mara nyingi ni safi. Upande wa pili, chumba cha juu cha kushoto cha moyo wao kimetanuka kwa miaka, mapigo hayana mpangilio, na damu iliyotuama humo hufanya madonge. Wengi walisharusha madonge madogo ya damu kichwani kabla hawajamwona mpasuaji. Kwa hiyo ukiniuliza ni nini kilichougusa ubongo wa mama yako, mashine au ugonjwa wenyewe, nitakuambia ugonjwa ulianza zamani sana.

Sasa, wiki saba. Kusahau kwa aina unayoeleza, kukatika kwa mazungumzo na kushindwa hesabu alizozizoea, kunaingia kwenye kile tunachokiona na kinachopungua. Wengi huona nafuu ndani ya miezi mitatu, baadhi huchukua miezi sita. Mwachie hesabu za duka, usimnyang'anye. Mpe daftari, aziandike, wewe zipitie jioni bila kumkosoa mbele ya wateja. Alale usiku. Mkumbushe matembezi. Lakini usikubali kila kitu kiitwe "ni mashine tu, kitapita", kwa sababu kuna mambo yanayojificha nyuma ya maneno hayo. Kliniki ijayo omba wampime damu kama imepungua, chumvi za mwili na, kama anapewa amiodaroni ya kupanga mapigo, tezi ya shingo. Mwulize pia, mkiwa wawili tu, kama bado anafurahia kitu. Sonona baada ya upasuaji wa moyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyokiri, na mtu mwenye sonona husahau.

Kinachonitia wasiwasi kwa mama yako ni warfarini, dawa yake ya kuzuia damu isigande. Valvu hiyo mnayoiita ya chuma, ambayo kwa kweli vijani vyake, yaani vile vibao vinavyofunguka na kujifunga, ni vya kaboni ngumu, hugandisha damu ikiachwa bila dawa, na donge likibanduka njia yake ya kwanza ni kichwani. INR yake, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kwa kiasi gani, kwa valvu ya mitro hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini, kiharusi cha donge; ikiwa juu sana, damu inavuja ndani ya kichwa. Huo ndio ubongo wa kuulinda leo, na haulindwi na mimi, unalindwa na kijitabu cha kliniki kilicho kwenye droo yenu. Kisamvu, mchicha na matembele asiache, ila ale kiasi kile kile wiki kwa wiki, asifunge mwezi halafu akashindilia. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki asinunue dukani. Metronidazoli na septrini, zinazoandikwa kila kona ya mji, humpandishia INR. Mwandishi wa dawa lazima aambiwe kuhusu warfarini kabla hajaandika. Na mtu asikushawishi kumbadilishia kwa vidonge vipya visivyohitaji kipimo: jaribio la dabigatrani, mojawapo ya vidonge hivyo, kwa valvu za aina hii lilisimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, kwa sababu waliotumia dawa hiyo walipata madonge zaidi na kuvuja damu zaidi.

Kama alikuwa anaimarika kisha akaanza kurudi nyuma, analala mchana, kichwa kinauma, hasa kama aliwahi kuanguka au kujigonga hata kidogo, apigwe picha ya CT siku hiyo hiyo. Damu inayojikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo hujifanya usahaulifu wa uzeeni. Akipata homa isiyoeleweka, msiridhike na dawa ya malaria bila kipimo. Damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kabla ya antibayotiki, maana valvu mpya ikishika vijidudu inatupa vipande kichwani. Mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kugoma ghafla ni hospitali papo hapo, si kusubiri kuche.

Kuhusu mdogo wako, namheshimu baba, lakini kukataa si kukwepa hatari. Valvu iliyoziba ikiachwa hujaza maji kwenye mapafu na kutengeneza madonge, na kijana wa miaka 24 anaweza kupooza akiwa bado anasubiri kuamua. Swali la kwanza kwa daktari wake liwe hili: valvu imeziba au inavuja? Kama imeziba, haijakakamaa kwa chokaa, haivuji sana na hakuna donge moyoni, mara nyingi inaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani, bila kifua kufunguliwa na bila mashine kabisa. Wengi hawaulizi hilo. Kama inavuja, puto halifai na upasuaji ndiyo njia. Hapo uliza kama inaweza kutengenezwa badala ya kubadilishwa, kwa sababu akibaki na valvu yake mwenyewe huenda asihitaji warfarini ya maisha.

Kabla ya tarehe apimwe selimundu hata kama hajawahi kuugua. Mwenye ugonjwa huo, damu yake ikipoozwa na oksijeni ikashuka, chembe nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa ile ile tunayoizungumzia, na timu ikijua mapema hubadilisha sehemu ya damu yake na kutompooza sana. Damu iliyopungua itibiwe kwa wakati, maana maji ya kujazia mashine huipunguza zaidi. Meno yaangaliwe, mabovu yang'olewe. Na sindano ya penisilini ya kila wiki ya tatu au ya nne, ile ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, kama anachomwa, asiikatishe akisubiri upasuaji, wala baada yake mpaka daktari wake wa moyo amwambie.